Shangazi, Taa Niizime au Niiache?

SWALI: Asalaam aleikum, Shangazi. Mimi ni mama wa mtoto wa kwanza, mvulana wa miezi mitano na siku kadhaa. Tunakaa Bombo, nyumba ya kupanga, chumba na sebule ndogo. Mtoto ana afya, ananyonya vizuri, na uzito kwenye kadi unapanda. Lakini usingizi, Shangazi, umetushinda. Namlaza saa mbili usiku, kabla ya saa tatu ameshaamka, halafu anaendelea hivyo hivyo mpaka saa kumi na moja alfajiri, na hapo halali tena. Mchana anapata nusu saa, akizidi sana dakika arobaini.

Dirisha letu linatazama uani, na mwenye nyumba ametundika taa kubwa ya ulinzi inayowaka mpaka asubuhi. Ndani nako tunaacha balbu, kwa sababu mama mkwe, ambaye yuko nasi tangu nijifungue, anasema mtoto mchanga haachwi gizani. Mume wangu anaendesha teksi, huondoka saa kumi alfajiri, naye huwasha taa apate kuvaa. Nimesoma kwenye intaneti kwamba Wazungu huwawekea watoto mapazia meusi mazito, chumba kikawa kama usiku wa manane. Nilipouliza sokoni Owino nikatajiwa shilingi 180,000 kwa dirisha moja. Je, giza linasaidia kweli? Halitamharibu macho? Hatakuwa mwoga?
Mama wa mvulana, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, binti yangu. Hiyo laki na themanini usiitoe. Tutarudi kwenye pazia, lakini kwanza nikupe kisa cha nyumbani kwetu.

Nguvu ya giza niliijua kabla sijasomea ukunga. Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Walukuba, Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi. Baba alikuwa kiwanda cha nguo, na kila wiki ya tatu zamu yake ilikuwa ya usiku. Alirudi asubuhi macho mekundu, nyuzi za pamba zimemganda nyweleni, hataki chai wala salamu, anataka kitanda. Mama aligongelea blanketi la kijivu dirishani kwa misumari minne, na saa tatu asubuhi chumba kikawa giza totoro. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miezi kama minne. Mama, ili apate nafasi ya kufua, akamlaza humo humo pamoja na baba. Wote wawili wakalala fofofo mpaka alasiri.

Tulifurahi siku mbili. Siku ya tatu ndipo tulipoona tulichokuwa tukikifanya. Jioni baba akishaondoka zamuni, mtoto macho makavu, anacheka, anarusha miguu, anataka kuchezewa mpaka saa tisa usiku, na mama amemshika mgongoni anazunguka naye uani huku akisinzia wima. Zamu ilipokwisha blanketi likatolewa, na hata hivyo zilipita siku kadhaa kabla mtoto hajaurudia usiku wake.

Blanketi lile lile lilimlaza mtoto, na lile lile likamgeuzia saa zake. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kusita: ndiyo, giza linasaidia, na linasaidia sana. Lakini linamwambia mtoto ni saa ngapi, na ukilitumia ovyo litamdanganya.

Nikueleze linavyofanya kazi, maana ukilijua hili mengine utayapanga mwenyewe. Ndani ya ubongo, pale mishipa ya macho inapokutana, kuna fundo dogo la chembe hai ambalo ndilo saa ya mwili. Nyuma ya jicho kuna chembe nyingine ambazo kazi yake kubwa ni kuipasha habari saa hiyo: kumekucha, au kumekuchwa. Giza likiingia, saa inaiamuru tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo itoe homoni inayoitwa melatonini. Melatonini haimwangushi mtu kama dawa ya usingizi. Inautangazia mwili kwamba usiku umefika: joto la mwili lishuke kidogo, mambo yapungue, usingizi upate njia. Nuru ikipiga jichoni, tangazo linakatika. Nuru inayolikata zaidi ni ile nyeupe inayoelekea ubuluu, ya balbu nyingi za kisasa, za simu na za runinga. Nuru ya manjano hafifu au nyekundu hailisumbui sana. Na watoto huumia zaidi yetu, kwa sababu lenzi ya jicho lao bado safi kama maji na mboni zao ni pana, kwa hiyo mwanga unaotufikia sisi kidogo wao huwafikia mwingi.

Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi saa hii inavyojiendesha ndani ya chembe hai. Waliisoma kwa nzi mdogo wa matunda, huyu huyu anayezunguka ndizi zako zikiiva sana. Napenda kuwakumbusha kina mama jambo hilo, kwa sababu wengi hudhani mtoto asiyelala amedekezwa. Hata nzi ana saa ndani yake, naye hakuna aliyemdekeza.

Mtoto huzaliwa saa yake ikiwa bado haijakaa sawa. Tumboni alitumia melatonini ya mama yake. Akitoka, huchukua miezi miwili hadi mitatu hivi kabla ya kutengeneza yake kwa mpango wa usiku na mchana. Wako ana mitano, kwa hiyo saa ipo na inafanya kazi. Ila kila usiku inasubiri kuambiwa kumekuchwa, na chumbani kwenu hakuna anayeiambia.

Sasa pazia la Wazungu. Mama wa London anapomlaza mtoto saa moja jioni mwezi Juni, jua bado liko juu ya paa. Kwao huzama baada ya saa tatu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Bila pazia zito hana usiku. Sisi tunakaa kwenye ikweta. Ukitoka Kampala kwenda Masaka unaukuta mstari wenyewe pale Kayabwe, watu wamesimama wakipiga picha. Jua letu, mwaka mzima, huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na jioni huzama saa hizo hizo. Giza la muda wa saa kumi na mbili Mungu analileta mlangoni kila siku. Lililobaki ni kujua nani analifukuza nyumbani kwako.

Wa kwanza ni ile taa ya uani. Mwendee mwenye nyumba kwa adabu, usimwambie azime, maana wezi wapo na wapangaji wengine wana haki yao. Mwombe aielekeze chini, au akubali mkate kipande cha bati mkiweke kama kofia upande wa dirisha lenu. Fundi yeyote wa mabati atakifanya. Akikataa, ndipo pazia linaingia. Kule kule Owino kuna marundo ya mapazia ya mitumba, mazito, yenye bitana nyuma. Chagua la rangi ya kukoza. Ukikosa, shona blanketi kuukuu nyuma ya pazia ulilo nalo. Liwe pana kuliko dirisha kwa shibiri moja kila upande, kwa sababu mwanga hupenya pembeni na juu kuliko katikati. Kisha usiku zima kila kitu, simama pale anapolala mtoto, nyoosha mkono. Ukiweza kuhesabu vidole vyako bila shida, bado kuna kazi.

Ila matundu ya hewa juu ya dirisha usiyazibe. Nasikia kina mama wameyajaza magunia na maboksi kwa ajili ya giza. Mwanga kidogo unaopita pale hauna madhara. Chumba cha mabati kisicho na hewa kina madhara.

Wa pili ni balbu ya ndani. Izimwe, na nitakuambia hapa chini namna ya kuzungumza na mama mkwe. Wa tatu ni baba mtoto, na huyu ni rahisi: nguo zake, viatu na funguo vilale sebuleni, avalie huko, mlango umerudishwa. Kama kati ya chumba na sebule kuna pazia tu, basi sebuleni pia asiwashe taa ya dari. Awashe tochi aiweke sakafuni.

Wa nne, binti yangu, ni simu yako. Najua usiku wa kunyonyesha ni mrefu na simu ndiyo inayokushika mkono. Lakini iko shibiri moja kutoka usoni mwa mtoto, na nuru yake ni ile ile nyeupe tuliyoisema. Ukishindwa kuiacha, punguza mwanga mpaka mwisho na uigeuzie upande wa pili. Kwa kunyonyesha usiku unahitaji tochi ndogo ya mwanga wa manjano, iwe chini nyuma ya mlango, imeelekea ukutani. Hapo utaona kila kitu unachohitaji kuona. Mnyonyeshe, mcheulishe, na kama nepi haijachafuka sana iache. Usimchekee wala kumwimbia. Najua ni vigumu, maana saa nane usiku akikutazama anapendeza kuliko mchana kutwa.

Kuhusu saa kumi na moja alfajiri. Mwisho wa usiku usingizi wa mtoto huwa mwepesi kama karatasi, kwa sababu ameshalala sehemu kubwa ya aliyohitaji. Wakati huo huo baba ametoka, jogoo wanawika na adhana inaita. Sauti huwezi kuzizuia. Mwanga unaweza. Akiamka, chukulia kwamba bado ni usiku: chumba kibaki giza, mnyonyeshe, umrudishe. Siku za kwanza atakataa. Usikate tamaa ukawasha taa na kuanza siku, kwa sababu ukifanya hivyo saa yake inajifunza kwamba asubuhi ni saa kumi na moja, na kesho itamwamsha saa hiyo hiyo.

Kisha kukicha, mtoe nje. Hii ni nusu ya dawa na wengi wanaiacha. Wataalamu hupima nuru kwa kizio kiitwacho laksi. Mwezi mpevu haufiki hata laksi moja. Chumba chenye balbu kina mia hivi, pengine mia mbili. Nje kivulini asubuhi kuna elfu kadhaa. Unaona tofauti? Chumba kinachoonekana kina mwanga mchana, kwa saa ya mwili ya mtoto ni kama magharibi. Kaeni barazani saa moja mpaka saa mbili asubuhi, umnyonyeshee hapo, yeye akitazama kuku. Mtoto aliyeona mchana wa kweli ndiye anayeutambua usiku.

Mama mkwe. Hapa nakuomba uende polepole. Nimekaa na wazee wengi wanaotaka taa iwake, na sijaona hata mmoja aliyetaka kumuudhi mkwewe. Hofu zao ni mbili. Ya kwanza ni ya mama yeyote: mtoto akipaliwa, akitapika, chandarua kikamwangukia, nani ataona? Ya pili haisemwi kwa sauti, nayo ni habari za wachezaji wa usiku, wachawi wale Waganda wanaowaita abasezi, na za jicho baya. Kizazi chake kilisikia hadithi hizo utotoni gizani, usimcheke. Kwa hofu ya kwanza, mpe tochi yake mwenyewe, ilale chini ya mto wake, amulike akitaka. Kwa ya pili, mwambie: Mama, wewe ndiye utakayezima taa kila usiku, umsomee mjukuu wako dua kisha ubonyeze swichi. Nimeona familia zikitulia kwa jambo hilo moja. Bibi anapofunga usiku kwa mkono wake na kwa dua yake, giza haliwi tena la kuletewa na mkwe aliyesoma kwenye simu.

Sasa kuna mambo sitakubali uyafanye kwa ajili ya giza, na hapa nisikilize kama mkunga.

Usitandike blanketi, shuka wala kitenge juu ya chandarua au juu ya kitanda cha mtoto ili kumtilia giza. Nikiwa kazini niliwahi kuletewa mtoto wa miezi mitatu aliyefunikwa hivyo mchana wa Februari, nguo zimelowa jasho, amelegea, mdomo umekauka. Alipona, namshukuru Mungu. Mama yake alikuwa amefanya kwa mapenzi matupu. Joto na hewa nzito humdhuru mtoto mdogo upesi, naye hana nguvu ya kujifunua. Giza liwe la chumba kizima. Usoni na juu ya kichwa chake pasiwe na kitu.

Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala, hata kama mvua imenyesha na baridi imebisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na chumba kilichofungwa vizuri kwa pazia zito ndicho kinachoikusanya. Kibatari nacho, ile tadoba ya mafuta ya taa, kisiwe taa yako ya usiku: kinatoa moshi, na karibu na chandarua ni moto unaosubiri upepo.

Mtoto alale chali, kwenye godoro gumu, bila mto, bila blanketi zito, chini ya chandarua chenye dawa. Chandarua kichomekwe kabla ya saa moja jioni, kwa sababu mbu wa malaria hupenda giza kama tunavyolipenda sisi. Na akichemka mwili, akikataa ziwa, akipata degedege, au akilala usingizi usioamshika, hilo si jambo la pazia. Ni kituo cha afya, saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Turudi kwa kijana wetu. Usitarajie alale kuanzia saa mbili mpaka asubuhi. Ana miezi mitano, ananyonya tu, na tumbo lake ni dogo. Kuamka mara mbili, hata tatu, kutafuta ziwa ni haki yake, na giza halishibishi. Atakuja mtu akuambie umpe uji mzito jioni ili alale. Usimpe. Maziwa yako yanamtosha mpaka atimize miezi sita, na maziwa ya usiku yana melatonini, ambayo ya mchana karibu hayana.

Tunachotaka kiondoke ni kule kuamka kila baada ya dakika arobaini au hamsini. Usingizi wa mtoto huenda kwa mizunguko ya urefu huo, na kila mzunguko ukiisha huibuka juu kidogo, kama kiboko anayetoa pua ziwani. Akikuta kila kitu kiko kama alivyokiacha, anazama tena. Akikuta balbu, sura ya bibi na taa ya uani, anadhani kuna shughuli na yeye ameachwa nje. Ndiyo maana pia nakushauri umlaze kitandani akiwa amelegea lakini hajalala kabisa. Kama usingizi ulimchukulia kifuani pako akaibuka yuko peke yake chini ya chandarua, atakuita tu, hata gizani. Hili lijaribu kwa upole, na usimwache alie mpaka achoke.

Usingizi wa mchana utie nusu giza. Funga pazia, lakini misumari minne ya mama yangu usiifuate. Umri huu wanapenda kutazama kila kitu, na chumba chenye kivuli huwapunguzia vishawishi. Ikifika saa kumi jioni awe macho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa miezi minne hadi kumi na mmoja, mchana na usiku ukijumlisha. Hesabu za wako kwa siku tatu. Pengine utagundua anapata zaidi ya unavyodhani, ila vipande vipande.

Macho yake hayatadhurika. Alikaa miezi tisa mahali ambapo nuru ilifika kidogo sana. Na mtoto wa umri huu hana hofu ya giza. Anaogopa njaa, baridi na kukukosa wewe. Yape haya wiki mbili bila kukatiza, kisha niandikie.

SWALI: Shangazi, salamu kutoka Arua. Binti yetu ana miaka miwili na nusu. Tumemzoesha giza tangu mdogo na alikuwa analala vizuri sana. Mwezi huu ameanza kulia tukizima taa, anasema kuna mtu nyuma ya mlango. Mke wangu anasema tusilegeze, tutamharibu. Tufanyeje?
Baba wa mabinti wawili

JIBU: Baba, legezeni kidogo. Umri huo akili imekua vya kutosha kuumba kitu kisichokuwepo, lakini haijakua vya kutosha kujua kwamba ameumba mwenyewe. Hofu hiyo ni ya kweli kwake. Msimcheke, wala msizunguke na fagio mkimfukuza huyo mtu, maana hapo mtakuwa mmethibitisha kwamba yupo. Mchana, nenda naye nyuma ya mlango, mkae hapo, mle ndizi. Usiku mwekeeni taa ndogo ya manjano au nyekundu, iwe chini, isimulike uso wake. Ile ya sola yenye mwanga mweupe mkali haifai. Angalieni pia anachotazama kwenye simu au runinga jioni, na ni hadithi gani watoto wakubwa wa jirani wanamsimulia. Kwa uzoefu wangu hofu ilianzia hapo mara nyingi. Taa mtaiondoa baadaye, yeye mwenyewe atawaambia haihitaji.

SWALI: Ndugu yangu, mimi ni bibi, nipo Busia. Mjukuu wangu ana wiki tatu. Binti yangu yuko ndani ya arobaini kwangu, chumba tumekifunga mapazia usiku na mchana ili wapumzike na wageni wasichungulie. Mtoto mchana analala kama jiwe, usiku yuko macho anatafuta watu. Watu wanasema amegeuza usiku kuwa mchana. Giza tunalo la kutosha, mbona halali?
Bibi wa Busia

JIBU: Dada, nakupongeza kwa kumlea mzazi. Arobaini ni jambo jema, na mapumziko ya mama sitayagusa. Lakini hapo ndani kwako hakuna usiku wala mchana, kuna giza moja refu, na mjukuu hawezi kugeuza kitu ambacho hajaonyeshwa.

Kuna la kumwombea radhi pia. Wiki tatu bado saa yake haijaanza kwenda sawasawa. Tumboni wengi hutulia mama anapotembea, kutembea kule huwabembeleza kama susu, kisha huanza kucheza mama akilala. Ametoka na desturi hiyo. Atalala vipande vya saa mbili tatu, mchana na usiku, na hilo litaendelea wiki kadhaa mfanye mtakalofanya. Mnachoweza ni kumsaidia saa ianze mapema badala ya kuchelewa.

Kuanzia kesho, kukicha fungueni mapazia. Wageni wazuie mlangoni, hiyo ndiyo kazi ya bibi, na kama dirisha liko barabarani tundikeni kitambaa chepesi cheupe kinachopitisha nuru. Mchana alale kwenye mwanga huo, redio iongee, vyombo vigongane jikoni. Msimnyatie. Zikipita saa tatu hajanyonya, mwamsheni: mfunueni miguu, mpanguseni uso kwa kitambaa chenye maji. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, binti yako akae naye barazani au mlangoni mwa uani. Arobaini haivunjiki kwa kukaa barazani kwenu. Magharibi ikiingia fungeni kila kitu, taa zipungue, sauti zishuke, na usiku anyonye kwenye mwanga mdogo bila maongezi.

Na hili ndilo lililonifanya nikujibu mapema kabla ya barua nyingine zilizotangulia. Mtoto anayelala kama jiwe mchana kutwa, ndani ya chumba chenye giza, hakuna anayeiona rangi yake, kama imegeuka manjano. Leo hii, usingoje kesho, mbebe mpaka dirishani penye nuru ya jua. Bonyeza kidole taratibu kwenye paji la uso na kifuani, uone ngozi inarudi na rangi gani. Tazama weupe wa macho na ndani ya mdomo. Tazama pia choo, kama kimepauka kuwa cheupe, na mkojo kama umekoza. Mtoto wa wiki tatu hatakiwi kuwa bado na umanjano, wala hatakiwi kuwa mzito wa kuamshwa anyonye. Ukiona lolote kati ya hayo, mfungeni mgongoni muende kituo cha afya leo leo, na kadi yake mkononi.